Jina la Binti Seremala

Dumyat, Muharram 1429

Kwa kaka yangu mpenzi Hamdi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima, na baridi ya Milano isiwe imekuingia kifuani kama mwaka jana. Sisi huku tu wazima kwa kadiri ya watu waliofiwa. Baba anakula akisimamiwa. Ukigeuka tu, chakula chote anawapa paka. Bado anakohoa vumbi la mbao na bado hataki kusikia habari ya kufunga karakana. Anakusalimu sana. Barua nimempa jirani yetu Haji Mitwalli, anayesafiri kuja huko, pamoja na boksi la mishabbik, vile vitamu vyetu vya kujisokota. Ukikuta limefunguliwa, ujue ni yeye, maana utamu wa asali humshinda. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei, wala sikulaumu.

Baba aliniambia ulimuuliza mwisho wa dada yetu ulikuwaje, akashindwa kukujibu. Basi nitakujibu mimi. Figo zilichoka kabisa. Alirudi nyumbani kutoka kusafishwa damu hospitali, akaomba chai yenye mnanaa, akaishika tu mpaka ikapoa. Kesho yake asubuhi alikuwa amekwenda. Tulimzika baada ya Alasiri, pembeni mwa Mama. Nimelia hadi sauti imekauka, na hata sasa nikiandika jina la Ibtisam naiweka kalamu chini kwanza.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, na tafadhali usiikunje barua kabla hujamaliza. Unajua alikuwa na blogu, akiandika kwa jina la Binti Seremala. Unajua pia ulichomwambia ulipogundua: kwamba ametuanika, kwamba talaka yake na machozi ya Baba yamekuwa vitafunwa vya watu asiowajua, na kwamba siku jina la ukoo wetu litakapoonekana humo, yeye si dada yako tena. Alikuapia kwamba halitaonekana kamwe. Hata hivyo ulikata mazungumzo, na miaka ikapita hivyohivyo.

Wanablogu Waislamu wana tuzo yao ya kila mwaka. Haina ukumbi wala hotuba. Wasomaji wenyewe hupendekeza blogu, hupiga kura, kisha washindi hutangazwa mtandaoni na watu hupeana mkono wa heri huko kama wako Idi. Mwaka huu msomaji mmoja alimpendekeza Binti Seremala kwa blogu iliyoandikwa vizuri kuliko zote. Ibtisam alijitia hajali. “Watanipa nini? Kikombe cha plastiki?” alisema, na papo hapo akanituma nifungue kompyuta nimsomee kura zimefika wapi. Lakini walipomwandikia kuomba jina lake halisi, alikataa katakata. Alisema ana kiapo na kaka yake.

Ameshinda, Hamdi. Matokeo yalitoka tukiwa bado kwenye matanga, wanawake wamejaa sebuleni na kahawa chungu. Watu walimwagia pongezi, wakimtania kwamba leo amekuwa mtu mkubwa hajibu salamu. Ikabidi mimi niandike kwamba mwenyewe hayupo tena. Kikaja kilio. Mama mmoja wa Jakarta alisema ni kwa kusoma habari za Baba yetu ndipo alipoweza kumsamehe wa kwake. Wakaanza kugawana juzuu ili wamsomee hitima, huyu anachukua ya nne, yule ya kumi na saba, watu ambao hawajawahi kuonana uso kwa uso. Halafu wakaniuliza wamwombee kwa jina gani.

Haji Mitwalli alisema Mungu anamjua hata wakimwita Binti Seremala. Ni kweli, lakini wao wanataka kumtaja kwa jina lake, na mimi nataka vilevile, tena nataka sana. Nikamwendea Baba karakana. Aliweka randa chini. Akasema, “Mwanangu, jina ni langu, lakini kiapo alimpa Hamdi. Muulize Hamdi. Mimi nikikivunja, nitamwambia nini marehemu tukikutana?” Kwa hiyo ninakuomba ruhusa, kaka.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kuna neno ambalo Ibtisam alinikataza kukuambia akiwa hai, na nimeona si haki nilizike pamoja naye.

Miongoni mwa wasomaji wake kulikuwa na mmoja akijiita Gharibu. Kila Ijumaa aliandika maneno machache, makavu, kama mtu anayepita mlangoni bila kutaka kuingia. Katika masimulizi yake Ibtisam alibadilisha majina yote ili kutuficha, hata paka wa karakana alimwita Sultani. Gharibu hakuvumilia. Aliandika kwamba paka mwenye mistari iliyojisokota namna ile hafai kuitwa Sultani. Kwa haki angeitwa Mishabbik.

Hamdi, kaka yangu. Nani mwingine duniani amewahi kumwita paka Mishabbik?

Ibtisam alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akalia, kisha akaniapisha. Alisema, “Usimwambie kitu. Akijua kwamba namjua, ataona haya atakimbia. Bora nimpate Ijumaa kwa Ijumaa kuliko nisimpate kabisa.” Tangu hapo, hata akitoka hospitali hajiwezi, Gharibu ndiye aliyejibiwa kabla ya wote. Alimuuliza amekula nini, kikohozi kimepungua, kule aliko kuna mtu wa kumpikia. Ulidhani ni mwandishi mwenye adabu anayemjali mgeni. Alikuwa dada yako, anakuuliza wewe.

Na alipoona kwamba aliyempendekeza kwa tuzo ni Gharibu, alisema yake ameshaipata, hao wengine wapige kura wapendavyo.

Tangu nilipotoa habari ya kifo, Gharibu hajaandika. Wasomaji wanamuulizia, wanaogopa naye ni mgonjwa. Juzuu zote zimechukuliwa isipokuwa moja, na kila anayeiomba namjibu kwamba ina mwenyewe. Hitima haijafungwa. Tunasubiri.

Wasalimie mkeo na watoto. Mwambie yule mdogo shangazi yake anamdai busu. Baba anakuombea kila baada ya sala, hata pale anapokukasirikia. Jibu la jina unaweza kumpa Haji Mitwalli, ila ningependa uliandike mwenyewe pale kwenye blogu, Ijumaa, wote wakiona. Na ikiwa unaona vigumu kuandika kama Hamdi, andika kama Gharibu. Tutakujua tu.

Ni mimi dada yako uliyebaki naye,
Rawya