Siku Uliyojiita Raheli

Mama,

Nakuandikia nikiwa Tunduma, sebuleni kwa mdogo wangu Joeli. Arobaini yako tumeimaliza juzi. Joeli ameenda kazini, foleni ya malori ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde imefika hadi getini, na mimi niko peke yangu. Basi ngoja niseme. Najua barua zote ulikuwa unasomewa na Joeli. Hii hatakusomea, maana namwonea aibu hata yeye.

Kosa lenyewe unalijua. Ni la siku ile nilipoleta wanafunzi wangu wa chuo kule nyumbani Mbozi, kuchukua majani ya mibuni yako. Miaka yote nafundisha jambo moja: kila seli ya mmea ina jeni zile zile, ila nyingine zimelala, na ugonjwa ukiingia kuna zinazoamka. Nilitaka kujua ni zipi zinazoamka kwenye ile mibuni yako mitatu ya karibu na choo, isiyokamatwa na kutu ya majani. Wewe ndiye uliyeniambia habari zake kwa simu. Hilo nalo niliwaficha.

Ulitoka kwenye palizi, peku, kitenge kimechanika pindoni. Ukaona jani lina vumbi, ukalifuta kwa kidole kama ulivyokuwa unatufuta kamasi. Nikafoka: "Wewe mama, usiguse!"

Wewe mama. Ni kweli mikono mitupu inaharibu ule ujumbe wa jeni kabla hatujausoma, ndiyo maana tunavaa glavu. Lakini ningeweza kukueleza taratibu. Mwanafunzi wangu mmoja, Neema, akaniuliza huyu ni nani. Nikamjibu kwamba ni mwenye shamba.

Sikudanganya, na hapo ndipo panaponiuma. Niliona aibu kwa ajili ya miguu yako, Mama. Sina namna nyingine ya kulisema.

Neema akakufuata na fomu, akakuuliza jina. Kanisani, sokoni, zahanatini, kote wewe ni Mama Eliza. Ukanitazama. Eliza mwenyewe nilikuwa nimeinamia chupa ya nitrojeni ya kugandishia sampuli, najifanya napanga majani. Ukasema, "Andika Raheli." Jina lako la ubatizo, ambalo sikuwahi kukusikia ukijiita. Ulilitoa huko lilikokuwa ili unisitiri. Kisha ukatupikia ugali na maharage, ukaninawisha mikono kama mgeni, ukaniita Daktari mbele yao wote. Tulipokuwa tunaondoka ulisogea dirishani kwenye gari, ukaniuliza kwa sauti ya chini kama mikono yako imeniharibia kazi. Nikasema hapana, nikamwambia dereva twende.

Tangu hapo matokeo yametoka, na mimi nimepandishwa cheo. Mwishoni mwa andiko letu tumemshukuru "mkulima mwenyeji." Niliyeandika maneno hayo ni mimi, Mama, kwa mkono wangu.

Wiki iliyopita nilishindwa. Nilikuwa darasani na wanafunzi wale wale, naeleza habari za mibuni ile mitatu, nikaiweka chaki chini. Nikawaambia kwamba yule mwenye shamba alikuwa mama yangu, na kwamba tumemzika. Nilijiandaa kwa mshangao wao. Hakuna aliyeshangaa. Neema akasimama.

"Pole, Daktari. Tulijua siku ile ile. Mmefanana mno."

Kumbe walijua. Walikula ugali wako wakijua, wakanyamaza kunistahi, nawe ukanyamaza kunistahi. Mimi, ninayelipwa kufundisha mambo ya jeni, nilikukana mbele ya watu waliokuwa wanakuona usoni kwangu.

Mwezi ujao napeleka wanafunzi wengine shambani kwako. Kabla ya glavu, kabla hatujagusa jani lolote, nitawaleta kwanza kaburini na kuwaambia: huyu ni mama yangu. Nimechelewa, najua. Hutaweza kuwakaribisha.

Pumzika, Mama.

Mwanao,
Eliza