Safari za Fundi wa Chumba Namba Sita

Jumatatu, 3 Juni

Mkaguzi wa leseni kaja leo! Tulimtegemea Alhamisi. Kanikuta na taulo kichwani na brashi ya choo mkononi. Binti mdogo tu, viatu vya raba, faili kalikumbatia, anasalimia kwa adabu — hao ndio wa kuogopa.

Vyoo, kapita. Shuka, kapita. Mtungi wa kuzimia moto kaugeuza, kasoma tarehe, kapita. Madirisha ya vyumba vyote vinane kayafungua moja moja. Nikaanza kujisifu kimoyomoyo. Kisha akaomba daftari la wageni, na yale ya miaka miwili ya nyuma pia. Nikampa bila wasiwasi. Nani husoma daftari la wageni?

Yeye anasoma! Kakaa mapokezi saa nzima, kidole kinateremka mstari kwa mstari. Halafu kaniuliza: mama, huyu mgeni wa chumba namba sita mbona anasafiri sana? Kila mwezi anaondoka saa nne asubuhi, saa tano karudi. Mara ishirini na tisa. Na kila mara, penye "anakokwenda", kaandika kwa mwandiko wa kupendeza: kwa kinyozi.

Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Jumanne, 4 Juni

Sijakaa kitako tangu alfajiri. Ngoja niandike yote, labda nitatulia.

Sheria ndogo za nyumba za kulala wageni zinasema mgeni ni mtu anayelala siku zisizozidi thelathini. Akizidisha ni mpangaji, na wapangaji wana leseni nyingine kabisa, yenye masharti ambayo nyumba hii haiwezi kuyatimiza. Marehemu mama alikuwa na dawa yake: siku ya thelathini, Fundi, huyo wa namba sita, "anasafiri". Anafunga mkoba, anasaini kutoka, anavuka barabara, anakaa kwa kinyozi saa nzima. Kisha anarudi na kupiga hodi. "Mna chumba?" Namjibu kimebaki kimoja tu, una bahati. Miaka tisa! Mama alipofariki nikaendeleza, kama nilivyoendeleza kupaka milango rangi ileile.

Ila hakuna aliyekumbuka kumwambia Fundi adanganye vizuri. Ni mtengeneza saa mstaafu. Ukimuuliza anakwenda wapi, anaandika anakokwenda.

Mkaguzi kaacha barua. Anarudi Jumatatu. Ama chumba namba sita kiwe hakina mkaaji wa kudumu, ama leseni haitoki, na leseni ya sasa inakwisha mwisho wa mwezi huu. Yaani tunafunga nyumba nzima. Mimi na dada hatuna pengine pa kula.

Alhamisi, 6 Juni

Dada kaja. Kaisoma barua kasimama, mkoba bado begani. Kaniita mjinga, kamwita Fundi mjinga, mama kamwacha kwa kuwa ni marehemu. Kisha akatulia, akatoa wazo. Sheria inaruhusu chumba cha familia ya mwenye leseni; chumba hicho hakihesabiwi. Basi tumwandike Fundi mjomba wetu, tubaki na leseni ya vyumba saba.

"Mjomba wa upande gani?" nikauliza.

"We! Kwani mjomba ana pande ngapi?"

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Mimi yalitoka zaidi ya kicheko chenyewe.

Nikapanda kumwambia. Nilimkuta anapiga pasi shati, kama kila Alhamisi. Akanisikiliza hadi mwisho, akachomoa pasi.

"Nikiwa mjomba wako, kodi yangu utaipokea?"

Nikasema tutaona.

"Hutaipokea. Utaona haya. Halafu siku moja nitaugua wiki mbili, mtaanza kunong'ona kwamba huyu mjomba naye kazidi. Mgeni analipa, anasalimiwa vizuri, hadaiwi shukrani na mtu. Niache hivyo hivyo, binti yangu. Mimi ni mgeni."

Nikamjibu vibaya. Nilisema kiburi chake kitatulaza nje sote. Nilijuta kabla sijamaliza ngazi, lakini sikurudi.

Ijumaa, 7 Juni

Hakushuka kunywa chai. Nimefua mapazia ambayo ni safi.

Jumapili, 9 Juni

Fundi kashuka asubuhi, kafunga tai. Amepata chumba mji mwingine, kwa mtu aliyewahi kumtengenezea saa. Basi la kesho, saa nane mchana. Kayasema hayo kama mtu anayetangaza hali ya hewa. Nikasema vizuri. Vizuri! Katika maneno yote, ndilo nililolipata.

Dada anasema mambo yamejinyoosha yenyewe, nishukuru. Nishukuru nini? Nimezunguka nyumba hii tangu saa tatu. Nimekaza vitasa ambavyo havijalegea. Nimegombana kwenye simu na fundi bomba, maskini, aliyepiga kuniuliza hali tu. Mara niko uani, mara niko juu, mara nimesimama kwenye ngazi sijui nilikuwa napanda au nashuka.

Basi niandike: sitaki aondoke. Mama alipolala kitandani mwaka mzima, ni Fundi aliyekuwa akimsomea gazeti, mpaka matangazo ya vifo, maana mama alipenda kujua nani kamtangulia. Wakicheka! Siku ya mazishi alisimama mlangoni akipokea watu na kuwaonyesha pa kukaa. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye ni nani.

Na mimi nimemwambia ana kiburi.

Jumatatu, 10 Juni

Karibu saa sita. Naandika nikiwa stoo, juu ya ndoo ya rangi. Nimewaambia nafuata mhuri. Mhuri uko mfukoni mwangu.

Mkaguzi alifika saa tano. Kapanda moja kwa moja namba sita: godoro tupu, shuka zimekunjwa, kabati wazi. Karidhika. Kajaza fomu yote mwenyewe, akabakiza saini yangu tu, chini ya maneno "chumba hiki hakina mkaaji wa kudumu". Kalamu nikaishika. Mkono ukagoma. Chini yake kuna mstari mwingine, wa familia: jina, na uhusiano na mwenye leseni. Macho yangu yakahamia hapo yakakwama. Dada akanikanyaga mguu.

Na Fundi yupo palepale mapokezi! Kakaa kwenye kiti cha wageni, koti mwilini, mkoba miguuni, anasubiri wakati wa basi. Hakunitazama. Nikachukua fomu nikakimbilia huku.

Ukuta wa stoo ni mbao tupu, nasikia kila kitu. Dada anamimina chai na maneno kwa pamoja, ndivyo alivyo akiwa na hofu. Mkaguzi kamwambia asante, inatosha. Kiti kimesogezwa. Sasa anamuuliza Fundi mwenyewe, tena bila ukali:

"Shikamoo mzee. Na wewe hapa ni nani?"

Jibu analo. Alhamisi alinipa bila kupepesa macho. Aseme tu, mkaguzi aandike, nisaini, na saa nane basi lake liondoke.

Nasikia kikombe kinawekwa mezani.

Dada naye kanyamaza, jambo ambalo maishani mwangu sijalisikia.

"Marahaba," Fundi kasema. Kakohoa. "Marahaba, mwanangu."

Basi. Hajaongeza neno.

Nimesimama. Ule mstari wa familia nimeshaandika jina lake, wino haujakauka. Pa uhusiano ni patupu. Mjomba sitaandika. Natoka hivi hivi na kalamu mkononi nikamuulize, mbele ya mkaguzi, niandike nani.