Nunueni Kompyuta Mpya

Jumatatu, 3 Machi

Wachezaji zaidi ya mia nne wamelalamika kwamba mchezo wetu wa kompyuta unakwama. Mkuu kasoma malalamiko matatu, kavua miwani, kasema shida ni watu kung'ang'ania kompyuta za zamani. Kamwagiza Fundi Sauti aandike tangazo: asiye na kadi mpya ya grafiki anunue. Litapambwa kwa heshima na shukrani, lakini maana ni hiyo.

Wote wakaitikia kwa vichwa. Watu saba, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro, kila mmoja na kompyuta yenye nguvu za kuongoza uwanja wa ndege — wanawahukumu watu wasiowajua kwa kuwa na vitu vikuukuu. Hakuna aliyeona haya.

Nikasema mchezo wa kuuza nafaka sokoni hauhitaji mashine ya kurushia roketi. Nikasema kosa ni letu na aliyelifanya yumo humu chumbani. Mchoraji akacheka, akauliza Hakimu ameshamjua mshtakiwa au bado. Hakimu ni mimi. Wanadhani jina hilo linaniudhi.

Mkuu kanipa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Mchezo usipokimbia kwenye kompyuta ya mtu wa kawaida, tangazo litatoka na jina chini litakuwa langu. Nimekubali. Nikatia na sharti langu: nikilipata kosa, mwenye kosa awaandikie wachezaji barua ya kuomba radhi, kwa jina lake kamili. Mkuu kalipenda sana sharti hilo. Lazima alipende — hajagusa mstari wa programu miaka mitano, hawezi kuwa yeye.

Jumanne, 4 Machi

Ofisi nzima haina kompyuta ya kawaida hata moja! Ya mwisho imewekwa chini ya mtungi wa maji, ndiyo stuli yake. Hawa ndio wanaojua wachezaji wanahitaji nini.

Nimekwenda kwa Mama mdogo, dukani kwake, anapochapia watu barua na kuwatolea kopi. Anazo mbili. Nimemwomba ile ya nyuma, yenye miaka tisa, niliyojifunzia mimi mwenyewe nikiwa sekondari. Akaniuliza za ofisini zimekufa zote? Nikamweleza. Aliendelea kupanga karatasi, wala hakuinua macho.

"Sufuria langu lina miaka ishirini," alisema. "Halijawahi kuniambia ninunue jiko."

Kanipa, kwa masharti: nisinywe chai karibu nayo, nisibandue karatasi ya bei za kopi aliyoibandika ubavuni. Nimeipandisha ngazi mwenyewe. Fundi Sauti kanipisha, mikono mfukoni.

Picha kumi na moja kwa sekunde. Ili jicho lisione kukwama zinatakiwa thelathini. Kumi na moja! Muuzaji anamuaga mteja, mkono unapungwa mteja keshafika kwao.

Jumatano, 5 Machi

Bado. Mkuu kapita mara mbili mezani kwangu. Mara ya pili kauliza hiyo mashine inatumia kuni au mkaa. Wamecheka wote, hata wasiosikia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemkamata.

Tangu asubuhi nilikuwa naondoa vitu sokoni kimoja kimoja, nione mashine itahema wapi. Nikawaondoa watu — hakuna. Meza, mapaa, mizani — hakuna. Nikaondoa magunia. Feni ikatulia papo hapo, kama mtoto aliyepewa titi.

Nikalifungua gunia moja nilitazame ndani. Maharage. Si picha ya maharage, si rangi iliyopakwa juu juu. Maharage yenyewe, punje elfu nne, kila moja imechongwa peke yake, na kijicho chake cheusi, na nyingine zina vitundu vya wadudu! Ndani ya gunia lililoshonwa. Katika mchezo wote hakuna mtu anayefungua gunia, hakuna kisu, hakuna hata panya. Na magunia yako sitini. Kompyuta ya Mama mdogo imekuwa ikibeba punje laki mbili na arobaini elfu zisizoonekana na mtu yeyote, kisha inaambiwa ni zee.

Niliwaita wote. Nikaweka gunia kwenye skrini kubwa ya ukutani, nikalipasua polepole, punje zikamwagika sakafuni dakika nzima.  

Mchoraji alisimama mlangoni na kikombe chake. Wiki tatu alizichonga, alisema. Mkuu akamuuliza za nini. Alijibu kwa sauti ya chini:

"Nilidhani ipo siku mtu atalifungua."

Wakaangua kicheko. Mimi ndiye niliyeanza.

Nimebakiza punje hamsini juu, kwenye gunia moja nililoliacha wazi pale langoni. Sasa ni picha kumi na tisa kwa sekunde. Haitoshi, ila mwenye kosa keshajulikana.

Jumapili, 9 Machi

Nyumbani. Nimefua, nimepiga pasi, nimesoma kurasa kumi za kitabu na sikumbuki hata moja.

Nimejichunguza nione kama ninamwonea huruma. Sijaikuta. Nilichokuta ni furaha, tena furaha safi, kama ya kupata jibu la hesabu. Mtu mzima anachonga vitundu vya wadudu gizani, halafu mwanafunzi fulani mahali fulani anaambiwa kompyuta yake haifai. Simchukii Mchoraji. Ni uvivu ninaouchukia — ule uvivu unaojiita sanaa, na ule wa wengine wanaosema kwangu inakimbia, basi inakimbia. Hawajui kukagua kazi zao. Mtu akimaliza kitu harudi kukitazama tena, kama vile kimetoka mikononi mwa malaika.

Dada kapiga simu, kauliza mbona sauti yangu imechangamka. Nimemwambia kazi inaenda vizuri.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepunguza vivuli vya taa. Nimewanyang'anya ndege wa mbali manyoya. Picha ishirini na moja. Mkuu kauliza kama nimeanza kufanya mazoezi ya kutia saini. Kacheka peke yake. Ana meno mengi kuliko mawazo.

Mchoraji haniiti Hakimu tena. Haniiti kitu. Kayachora upya magunia yote yaliyoshonwa, ndani matupu, hakuna aliyemwagiza.

Jumatano, 12 Machi

Saa saba mchana. Wenzangu walikuwa wameshuka kula. Ofisi kimya, na ndani ya kimya nikaisikia diski ya Mama mdogo — kr, kr, kr. Kompyuta zetu mpya hazina mlio, diski zao hazina kitu kinachozunguka, ndiyo maana hakuna aliyewahi kusikia. Nikaondoa soko zima. Hakuna mtu, hakuna gunia, ardhi tupu. Bado kr, kr, kr.

Kulikuwa na kitu kinaandika. Kwa kila picha moja mchezo ulisimama, ukaandika kitu kwenye diski, ndipo ukaendelea. Nikasema kwa sauti, peke yangu, kwamba mjinga aliyeacha kitu kama hiki afukuzwe leo hii. Nikaanza kumtafuta.

Nimempata haraka. Mistari arobaini. Ni kipimo: kinaandika mahali kilipo kila kitu sokoni, mara kwa mara, ili mtu ajue mchezo unapunguzwa kasi na nini. Juu yake kuna maelezo, "Ya muda tu. Naiondoa Ijumaa." Na herufi mbili za jina.

Zangu.

Nilikiandika mwezi wangu wa kwanza hapa, mwaka juzi, kwenye kompyuta yangu mpya. Nakumbuka hata nilivyojivuna. Ijumaa ile sikukiondoa, wala Ijumaa yoyote tangu hapo. Nimefungua faili lake leo kwa mara ya kwanza. Maharage yamo, punje kwa punje, kila moja na mahali pake. Ningelifungua faili hilo siku moja tu, ningeyaona kabla mchezo haujatoka.

Nimefuta mistari arobaini. Nimewasha mchezo.

Thelathini na nane.

Muuzaji aliinua mkono, na mkono ukainuka. Nikasikia hatua za wenzangu ngazini. Nikafunga dirisha la mistari yangu kwanza, kisha nikageuka.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia Mkuu asubuhi: thelathini na nane, kwenye kompyuta ya miaka tisa. Akasimama nyuma yangu, akacheza mwenyewe, akauza kunde mpaka akasahau yuko kazini. Kisha akawaita wote, akafuta tangazo la Fundi Sauti mbele yetu, akanivisha kilemba cha ukoka mbele ya watu sita. Akasema ama kweli, maharage! Hakuuliza. Alisema tu, na chumba kizima kikaelewa.

Sikusema ndiyo. Nataka hilo liwe limeandikwa mahali. Nilisema mashine inakimbia.

Hakuna mwingine anayeijua programu ile kiasi cha kutazama nilichofuta. Hawakagui. Nimeliandika hilo mara ngapi humu?

Saa tisa Mchoraji kaja na barua yake ya kuomba radhi. Inatakiwa itoke kesho. Kanipa niipitie, maana mimi ndiye ninayejua kuandika. Kaniita dada. Ni barua nzuri kuliko nilivyotarajia, inaniudhi jinsi ilivyo nzuri. Hajitetei. Anawaambia kompyuta zao hazina kosa. Anaeleza kuhusu gunia, hata vitundu vya wadudu, na jina lake kamili liko chini. Kabla ya jina ameweka sentensi moja: huenda zipo sababu nyingine, bado tunatafuta.

Nikaiwekea kidole. Akainama kutazama, akaniuliza taratibu:

"Niiache, dada? Sijui kama ni kweli. Wewe ndiye uliyetafuta."

Nikamwambia aiondoe. Wasomaji watadhani anatafuta kisingizio.

Kaiondoa hapo hapo, kwenye kompyuta yangu, kwa vidole viwili kama anavyochapa siku zote. Kanishukuru. Sasa ameketi hapa pembeni, magoti yakigusa droo yangu, anangoja nimwambie iko tayari. Mkuu kaita mara moja kutoka chumbani kwake kuuliza kama barua imekwisha.

Nimesema bado. Nimemwambia Mchoraji angoje kidogo, kuna kitu namalizia kuandika. Amesema hana haraka.