Klachi ya Madamu Razafy

Jumapili, 31 Julai

Nimevaa mtandio wa hariri kanisani — wote waligeuka! Hata mke wa mchungaji. Nikawaambia pale mlangoni: Jumamosi washenga wanakuja kumposa Fanja wangu. Kijana anaitwa Solofo, mwalimu wa hesabu. Ukoo wa watu waliosoma tangu enzi za babu zao. Shangazi yake ndiye kichwa cha nyumba, Madamu Razafy, mjane wa mkaguzi wa shule. Ana piano! Mimi sijawahi kumwona ana kwa ana, tumeongea kwa simu tu. Nimeonyeshwa picha. Kofia.

Mama mmoja akaniuliza, na Fanja siku hizi anafanya nini? Nikasema yuko ofisini. Mambo ya magari. Makaratasi ya magari. Ulimi ulitangulia. Na si mara ya kwanza — hivyo hivyo ndivyo nilivyomwambia Madamu Razafy kwenye simu mwezi wa sita.

Hapa kwenye daftari naweza kusema ukweli, hakuna anayesoma. Mtaa wetu wote wa Ambanidia hakuna fundi kama mwanangu! Anakula mezani, gari linapita nje, anasema: beringi ya gurudumu la kushoto. Na kweli! Mzee Ndriana mwenye gereji mgongo umemwishia, kazi zote nzito sasa ni za Fanja. Miaka minne. Wanaume wanaleta magari wanamwuliza yeye.

Lakini kucha zake. Kila Jumapili asubuhi namsugua kwa limau na jivu kama sufuria. Anacheka, anasema Mama, hiyo ndiyo rangi yangu sasa. Leo amekwenda kanisani na glavu nyeupe. Mimi ndiye niliyemvisha.

Jumanne, 2 Agosti

Mungu wangu, nimefanya nini.

Niandike kwa mpangilio. Saa nne asubuhi nilikuwa nachagua mchele. Nikasikia injini inaunguruma pale kwenye kilima chetu, inalia kwa nguvu zote, lakini gari haliendi. Harufu ya kuungua ikaingia mpaka jikoni. Nikachungulia — gari dogo aina ya 4L, jeupe, katikati ya mteremko, inarudi nyuma kidogo kidogo, na ndani yake mama mwenye kofia. Ile kofia ya kwenye picha! Peke yake! Amekuja kuichungulia nyumba kabla ya Jumamosi, nani asiyejua. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo.

Nikashuka mbio na kanga ya jikoni. Fanja naye akatoka gereji, maana gereji iko chini ya nyumba yetu pale pale. Ovaroli, kitambaa kichwani, shavu moja jeusi. Akatia jiwe nyuma ya gurudumu, akafungua mlango, akamshika mama wa watu mkono akamtoa. Akasema: "Klachi imekwisha, Madamu. Usiiwashe tena, utaunguza na vingine."

Madamu Razafy akamtazama juu mpaka chini. Nikajitambulisha, tukabusiana mashavu, akacheka kwamba gari limemuumbua. Kisha akaniuliza mimi: "Na huyu binti ni nani?"

Nafasi ilikuwepo. Pumzi ilikuwepo. Nikasema: "Ni fundi tu wa hapo gereji."

Fundi tu!

Fanja alinitazama. Si muda mrefu — muda wa kufuta mikono kwenye kitambaa. Akasema: "Ndiyo, Madamu. Wa hapo gereji. Haya, tusukume."

Tukasukuma, mimi na mwanangu, bega kwa bega. Hakunigeukia tena. Nilisikia anavyohema.

Hakuja kula. Mke wa Mzee Ndriana amepita kuniambia Fanja atalala kwao siku mbili tatu, ana kazi nyingi. Hajauliza zaidi. Alivyonitazama lakini!

Jumatano, 3 Agosti

Nimepika kisamvu kwa nyama ya nguruwe. Hakuna anayekipika kama mimi, na Fanja anaweza kumaliza chungu. Nikampelekea kwenye bakuli lenye kifuniko. Akalipokea kwa mikono miwili.

"Asante sana, Madamu."

Mzee Ndriana akaangua kicheko. "Eh, Mama Fanja! Umekuwa Madamu lini? Tukupigie saluti?" Alidhani ni utani wa mtu na mama yake. Nikacheka na mimi. Nini ningefanya.

Miaka ishirini na sita mtaa mzima unaniita Mama Fanja. Sina jina lingine hapa. Hata muuza makaa halijui jina langu la kuzaliwa.

Jumamosi inakuja. Gauni lake liko tayari, nimelipiga pasi mara tatu.

Alhamisi, 4 Agosti

Madamu Razafy amekuja na teksi kuona kazi. Nilikuwa nimetandika sebule, vikombe vya maua, vitumbua vya moto. Hakutaka! Akaomba kiti kiwekwe gereji. "Mume wangu alinizuia miaka thelathini kuona tumbo la gari hili. Leo nitaliona." Basi vikombe vikateremshwa, na mimi nikateremka navyo, nikakaa kando yake juu ya tairi lililowekewa gazeti.

Kwa hiyo nimeiona kazi yake. Miaka minne yuko pale, na leo ndiyo mara ya kwanza nimekaa kumtazama mwanangu akifanya kazi. Niandike hilo pia.

Magurudumu ya mbele yalishatolewa, gari limekaa juu ya magogo. Fanja akawa anamweleza Madamu Razafy kama mwalimu: gari hili linavutwa na miguu ya mbele, kwa hiyo lazima shafti zote mbili zichomolewe kwanza, ndipo giaboksi ikubali kutoka. Kisha waya wa klachi, kisha bolti moja moja, na kila bolti anaichomeka kwenye kipande cha boksi mahali pake. Giaboksi ilipolegea akailaza kifuani mwake, akiwa chali, akaishusha polepole kama anapokea mtoto. Nilisimama! Nilitaka kwenda kushika! Madamu Razafy akanivuta mtandio: "Kaa, mwenzangu, anajua anachofanya."

Akaitoa sahani ya klachi. Nyembamba kama biskuti, ribiti zinazoishikilia zimechomoza zimekwangua chuma. Akamwonyesha. "Mguu wako, Madamu, unalala juu ya pedali."

"Haulali!"

"Unalala. Sahani haisemi uongo."

Madamu Razafy akacheka mpaka kofia ikamponyoka. Marehemu alimgombeza hivyo hivyo, anasema, na hakumsikiliza kwa sababu alikuwa mume. Kisha akanigeukia, kwa sauti yake kama kengele: "Huyu ni mtoto wa nani? Mama aliyemzaa huyu! Ningekuwa mimi ningezunguka mji na kipaza sauti!"

Nikanywa kahawa. Kikombe kilikuwa kitupu. Nikanywa hivyo hivyo.

Na hakuishia hapo. Akainama kumwuliza mwenyewe: "Mama yako yupo, mwanangu?"

"Yupo, Madamu." Kutoka chini ya gari.

"Anakaa karibu?"

"Karibu sana."

"Anasemaje na kazi hii?"

Spana ikagonga mara mbili, tatu. "Mama yangu aliuza cherehani yake ninunue spana za kwanza. Alikuwa mshonaji bora mtaa huu. Na kisamvu chake, Madamu, ukikionja unaweza kumsahau mumeo. Na mwandiko wake! Aliishia darasa la sita, lakini mchungaji anampa yeye aandike kadi za arusi."

Anajisifia kama mimi. Neno kwa neno kama mimi.

"Basi mama huyo nitapenda kumjua," akasema Madamu Razafy.

"Siku hizi haonekani. Ana shughuli."

Nilikusanya vikombe. Kimoja kimevunjika, sijui hata wapi.

Ijumaa, 5 Agosti

Nimekwenda kuomba radhi. Nimekwenda!

Sahani mpya ilishafungwa asubuhi, giaboksi imerudi, magurudumu yamerudi. Mzee Ndriana alikuwa ametoka kununua oili. Miguu ya Fanja tu ilionekana, imechomoza chini ya pua ya gari. Soksi zangu za sufu amezivaa, zile nilizomfumia.

Nikasema: "Fanja."

Kutoka chini: "Madamu, nisaidie hapo. Nahitaji mtu wa pedali. Keti kwenye usukani. Ile ya kushoto."

Sijawahi kukaa nyuma ya usukani maishani mwangu. Nikakusanya sketi nikaingia.

"Bonyeza."

Nikabonyeza. "Mwanangu, juzi mimi —"

"Achia. Taratibu."

"Juzi nilisema neno ambalo —"

"Bonyeza tena. Inashika ikifika wapi? Juu au chini?"

"Sijui! Juu. Fanja, nisikilize."

"Nakusikiliza. Achia."

Nikaachia. Nikaiambia pedali, maana hakuna mtu mwingine mbele yangu: niliona haya. Akauliza haya ya nini. Nikatafuta maneno makubwa, yakaniishia. Nikasema: "Ya kucha."

Lilivyotoka, lilikuwa jambo dogo sana. La kijinga. Nilitamani kulirudisha mdomoni.

Nikadhani ametambaa ametoka upande wa pili. Kisha akasema: "Mama." Tangu Jumanne sijalisikia! "Uliibeba cherehani kichwani mpaka sokoni, mchana kweupe, watu wote wanaangalia. Siku ile hukuona haya."

"Siku ile hakukuwa na mtu wa piano."

Nadhani alicheka. Au alikohoa, kuna vumbi kule. Akaniambia nibonyeze tena, akakaza nati ya waya nusu mzunguko, akasema lazima pedali iwe na uhuru kidogo kabla haijashika, ukiibana klachi inaungua tena kabla ya Krismasi. Nikabonyeza, nikaachia. Mara kumi na tano labda. Tulikuwa tunafanya kazi pamoja. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi sana!

Nikasema basi yamekwisha, twende nyumbani ukaoge, kesho uvae lile gauni. Akatoka chini ya gari, akakaa pale sakafuni.

"Hayajakwisha. Kwangu umeshasema. Kwake hujasema."

Nikasema nitasema, lakini baadaye, baada ya posa, taratibu, kuna namna yake. Akatikisa kichwa. Akasema Solofo anajua kila kitu, yeye mwenyewe amempigia simu na kumwomba afunge mdomo wake. Kesho ukoo mzima utakuja kwa teksi, kwa hiyo gari la Madamu Razafy atalipandisha Fanja mwenyewe, na ovaroli yake. "Utakavyoniita ndivyo nitakavyoingia," akasema. Hakusema kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira.

Jumamosi, 6 Agosti

Naandika nimesimama jikoni, nyuma ya pazia, daftari juu ya gunia la mchele. Nimesema nakuja kuangalia kahawa. Kahawa imeshachemka zamani.

Sebule imejaa. Watu kumi na wawili wa kwao, tisa wa kwetu. Madamu Razafy kwenye kiti kizuri. Solofo amenisalimu kwa adabu, kisha akakaa anatazama viatu vyake. Amekonda, maskini.

Nilikuwa nimejiapiza kusema kabla hawajakaa. Kabla ya hotuba! Nikafungua mdomo mlangoni, likatoka: karibuni, karibuni, samahani kwa nyumba ndogo.

Msemaji wao akasimama, na kama ilivyo desturi akaanza kwa kuomba radhi. Kwa waliomtangulia kuzaliwa. Kwa wenye ulimi mtamu kuliko yeye. Kwa kusimama wakati wakubwa wamekaa. Nusu saa ya kuomba radhi, na mtu yule hajamkosea yeyote! Kaka yangu Naina, msemaji wetu, akajibu kwa nusu saa nyingine. Mimi mwenye deni nimekaa katikati yao nagawa vitumbua.

Ndipo nikalisikia gari. Linapanda kilima kwa gia ya kwanza, halilii, halitelezi, linapanda tu. Sauti nzuri kuliko kinanda cha kanisa! Madamu Razafy akaruka kutoka kitini, akatoka nje, hotuba ikakatika. Akarudi amemshika mkono. "Huyu ndiye fundi wangu! Hakuna kuondoka, utakula nasi." Na akamkalisha upande wao. Upande wa mposaji! Katikati ya shangazi na wajomba, na ovaroli yake.

Na watu wetu? Wanacheka! Wanadhani ndio ule mchezo wa kumficha binti, wa kuwatolea wasio wenyewe kwanza. Naina amenikonyeza: dada, hii umeipanga, hii sijawahi kuiona! Ameshawatolea bibi kizee wa jirani, wakapiga kelele siye, siye. Ameshawatolea mke wa Mzee Ndriana na mtandio usoni. Siye!

Nimempelekea Fanja kahawa mimi mwenyewe. Nilidhani nikiinama na trei nitasema. Akasema: "Asante, Madamu." Kwa upole. Solofo akafumba macho.

Sasa Naina anaita, mtoeni mwenyewe! Wote wanatazama huku kwenye pazia. Chumba cha nyuma hakina mtu, gauni limelala kitandani. Namsikia Madamu Razafy akimnong'oneza fundi wake, na yeye hajui kunong'ona: "Tulia, mwanangu, sasa utamwona bibi arusi wetu. Yule wa ofisini."

Kutoka kwenye pazia mpaka alipokaa Fanja ni hatua sita. Kumshika mkono, kusema huyu ni wangu — hakuna kazi rahisi kama hiyo duniani. Naina ameita tena — Mama Fanja! Mama Fanja, tunangoja! — na Madamu Razafy, ambaye hajawahi kusikia nikiitwa hivyo, amegeuka, anamwuliza jirani yake: "Mama nani?"