Nyavu, Ndoano na Mwezi Mpevu

Furaha mjukuu wangu,

Hapa kambini Dzaleka tuko bazima. Baba yako anauza mandasi, na majirani wote wanajua kama binti yake anasoma Lilongwe. Mi njo niliwaambia, nyumba kwa nyumba. Nilimzaa baba yako, kwa hiyo akili yako najua ilitoka wapi.

Unauliza pale ziwani Salima nani apewe maji: wavuvi wa biashara ao wageni wanaovua kwa raha. Sisi tuliona maneno hayo kule kwetu Baraka, kando ya ziwa Tanganyika. Baba yangu alivua ndagaa kwa taa na wavu. Walimu walikuja na ndoano zao kujifurahisha, zikanasa kwenye wavu wa baba majini, zikaupasua. Wavu ule njo ulitulisha. Chifu akaita watu.

“Bafukuzwe!” baba akasema. “Sisi tunatafuta chakula, bale walimu banacheza!”

“Mzee, ziwa si sahani yako,” mwalimu akajibu.

Chifu alikuwa karibu kuwakataza walimu. Mi, msichana wa kugawa maji ya kunywa, nikasema, “Baba, mwezi ukijaa ndagaa hawafuati taa, na wavu unalala nyumbani. Siku zile si uwaachie walimu?”

Chifu akacheka. “Huyu akalie kiti changu!” Ikawa sheria.

Mwezi ulipojaa, baba mwenyewe aliazima ndoano kwa yule mwalimu. Alipata samaki mmoja, akamzungusha soko zima. Watu walitaka kununua, akakataa.

Andika hayo shuleni, na jina langu uliweke juu.

Bibi yako, Mama Zaina