Maneno Yaliyochukuliwa na Upepo Mbamba Bay

Kijiji cha Mbuji,
Mbinga, Ruvuma.
21 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Vitalis,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za huko Kroatia? Baridi imeshaanza? Na kile kifua kilichokusumbua mwezi wa tatu, kimepona kweli au unatuficha? Sisi huku ni wazima. Mama miguu inamvimba jioni, lakini kwenye sala za jumuiya haachi kwenda. Kahawa tumemaliza kuchuma wiki iliyopita.

Video ya ile hifadhi ya taifa uliyotembelea imefika. Tuliyaona maziwa yalivyopangana kama ngazi, moja linamwagikia jingine, na wewe unapita kwenye daraja la mbao huku maporomoko yakikurushia matone. Mama aliposikia kwamba hairuhusiwi kuoga mle alikuonea huruma sana. Maji yote yale, mwanawe anayatazama tu.

Sasa nikueleze la Baba. Tangu uende kazini huko bila yeye kuridhia, miaka minne sasa, hajawahi kutaja jina lako. Siku ile nilipokuwa namwonyesha Mama, yeye alikuwa mlangoni anavaa viatu aende shambani. Hakwenda. Alikuja akasimama nyuma yetu, akaniambia nirudishe mwanzo. Aliitazama mara tatu, kisha akauliza, "Nani alikuwa ameshika simu?"

Nikamjibu kama ulivyoniandikia, kwamba ulimwomba mtu tu aliyekuwa anapita. Jioni hakula. Alimwambia Mama kuwa mtu anayeomba mpita njia ampige picha, basi ametembea peke yake.

Asubuhi yake alivaa koti la kanisani, akaniambia nimpeleke ziwani. Sikuuliza kwa nini. Tulichukua bodaboda mpaka Mbinga, halafu basi la Mbamba Bay. Kwenye kona za kushuka milima alikuwa ameng'ang'ania kiti cha mbele kwa mikono miwili. Ziwa lilipojitokeza kule chini, aliniita jina, akalinyooshea kidole.

Ufukweni akina mama walikuwa wanaanika usipa, wale dagaa wa ziwani. Unakumbuka ulivyokuwa unawala wabichi, wangali na mchanga, Mama akikufukuza? Harufu yao ilikuleta mbele yangu, nikashindwa hata kununua.

Baba alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini mpaka magotini. Yule yule mzee wa milimani asiyeamini maji. Akataka nimpige video nikutumie. Ndipo akaanza kusema bila kunitazama: "Siku ile alikuja shambani kuniaga. Akaniambia Shikamoo. Sikumwitikia. Niliendelea kuchuma kahawa."

Mimi sikujua, Vitalis. Miaka yote nilidhani mligombana kwa maneno. Kumbe uliondoka na salamu yako isiyoitikiwa, na hukumwambia mtu.

Nikamwambia, "Mwitikie sasa, Baba. Simu inachukua."

Mawimbi yalimlowesha suruali, hakujali. Kisha akasema, "Marahaba, mwanangu. Marahaba. Rudi nyumbani."

Tulipofika Mbinga nikaifungua video ile. Upepo ulikuwa mkali pale ufukweni, nao umefunika kila kitu. Utaona midomo ya Baba inacheza, lakini hutasikia hata neno moja. Ndiyo maana nimeketi kukuandikia kwa mkono, maneno kama haya sikutaka yapite kwenye simu. Padri Kilian anasafiri kuja Ulaya wiki ijayo, amekubali kuitia barua hii posta akifika.

Nilimwomba Baba tuirudie hapa nyumbani, mahali palipotulia. Alikataa. Alisema neno lile hatalirudia kwenye simu, atalirudia ukiwa umesimama mbele yake. Ameshaniuliza mara mbili mkataba wako unaisha lini. Nimemwambia mwezi wa sita. Sasa bodaboda yoyote ikipunguza mwendo pale njia panda, anasimama, na ukimuuliza anangoja nani, anasema anajinyoosha mgongo.

Nami nimekukumbuka, mdogo wangu, kuliko ninavyoweza kuandika.

Shangazi Gaudiosa anakusalimu sana, vilevile mjomba Mansuetus na watoto wangu wote. Mama anasema usiache kusali na usilale bila soksi. Bikira Maria akufunike na akutangulie katika kila njia.

Dada yako akupendaye na anayekungoja,
Kunigunda