Sili Iliyolowekwa Mafuta ya Karafuu

Chake Chake, Jumatano

Sili mpya, ile pete ya kuzuia mafuta, nayo imevimba, na giaboksi ya otomatiki inavuja vilevile. Fundi Hamadi aliiloweka kwenye mafuta ya makonyo ya karafuu ilainike, kama alivyozoea sili za ngozi. Hii ni ya mpira! Nikamfokea kama niko jukwaani.

"Maalim, hasira hizo zipeleke Gando kwa mkweo," akanicheka. "Gari la abiria lipo kila asubuhi."

Anajua, huyu! Tangu nibishane siasa na mkwe, mke wangu Zuhura yuko kwao, nami nasingizia gari bovu. Sasa gari zima linanukia karafuu, kama mikono yake akitoka kuchambua.

Kesho napanda gari la abiria. Mkwe akianza siasa, nitakunywa kahawa yake ninyamaze. Nitajaribu.